Namba Iliyobaki Bila Mtu

Orodha ilibandikwa saa mbili asubuhi kwenye ukuta wa stesheni, juu sana, kwa sababu ile iliyotangulia ilichanwa na mikono ya watu. Niliipiga taipu mimi mwenyewe. Majina arobaini na sita upande wa kushoto, namba za mabehewa upande wa kulia, na katikati nafasi nyeupe iliyonyooka kama reli. Herufi zilikuwa ndogo na mistari imebanana, maana kamati ilikuwa imebakiwa na stensili moja tu. Nilijifunza kupiga taipu peke yangu, kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, na kitu kimoja nilichojivunia ni safu zangu. Mtu akiziona alisema hii ni kazi ya ofisi.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1993, mvua kila alasiri. Sisi ambao baba zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba tulikuwa tumetolewa katika nyumba zetu, na kuambiwa turudi kwetu. Wengi wetu tulizaliwa Likasi. Tulilala chini ya maturubai kuzunguka stesheni, tukingoja treni isiyokuwa na siku. Iliyopita iliondoka wiki saba nyuma. Tangu hapo surua ilikuwa imepita mara mbili katika maturubai, na wazee walikuwa wakikohoa na kufa bila kelele, mmoja mmoja.

Parokia iliunda kamati ya safari, nami nikawa karani wake. Kundi letu lilikuwa la wazee na wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na behewa lake, na kwenye mlango wa kila behewa kulikuwa na kijana wa kuhakiki mwenye karatasi. Alikuita mara tatu. Usipoitika, nafasi yako ilikwenda kwa mtu mwingine, na watu wasio na nafasi walikuwa maelfu, wamesimama pale pale nyuma yako.

Mama yangu, Angèle, alikuwa katika orodha hiyo. Macho yake yalifunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu. Kifua chake kilianza kupiga filimbi tangu Krismasi. Dada yangu Suzanne alikuwa amekwishatangulia Mwene-Ditu, huko Kasai, akimngoja. Mimi sikuwa na nafasi katika treni ile, kwa kuwa kamati ilihitaji karani hadi mwisho. Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: Mama apande leo. Wiki saba nyingine chini ya turubai asingezimaliza.

Sasa, orodha yangu ilikuwa ya kundi la wazee, na karibu nusu yao hawakuweza kuisoma. Wengine hawakujua kusoma kabisa. Waliojua macho yalikuwa yamechoka, na hata wenye miwani hawakuweza kufika ukutani kwa msukumano. Ndiyo maana tulikuwa na Émérence.

Émérence alikuwa kipofu tangu utoto. Masista walimfundisha nukta nundu, na baadaye akafanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye simu za hospitali, akiunganisha waya na kusema alo. Watu wote walimwita Mamu Alo. Alikuwa na kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo na msumari wenye kishikio cha mbao, na alitoboa maandishi yake nyuma ya kurasa za kalenda za zamani, kwa kuwa karatasi yake ni nene. Kazi yake katika kamati ilikuwa kuketi mahali pamoja. Mzee akija na kujitaja, yeye alipitisha vidole na kumwambia namba.

Siku iliyotangulia nilimsomea orodha. Asubuhi tulikuwa na majina tu. Namba zilikuwa bado kwa wakubwa wa reli. Nilisoma, yeye akatoboa. Kila jina alinisimamisha.

“Uyu batu banamwita nani?”

“Ntumba Angèle. Ni mama yangu.”

“Najua ni mama yako. Iyo ni jina ya karte. Minye nauliza batu banamwita nani.”

“Mwa Kalala,” nikasema, yaani mama wa Kalala. Kalala alikuwa kaka yangu mkubwa, aliyefariki akiwa na miaka minne.

Akatoboa yote mawili, la kitambulisho na la watu. Niliona anapoteza muda. Mstari wa kumi na tisa niliuruka. Ulikuwa wa mzee Kabasele, aliyekufa Jumapili. Katika karatasi yangu alikuwa amefutwa kwa mstari wa kalamu, na sikuona sababu ya kumtaja.

Namba zilifika jioni, na umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekatika tena, basi nilikwenda dirishani penye mwanga. Nilizisoma haraka, safu nzima kutoka juu hadi chini, naye akazitoboa kwenye karatasi nyingine. Ndivyo alivyopenda kufanya: mkono wa kushoto juu ya majina, mkono wa kulia juu ya namba, mikono ikishuka pamoja. Tulipomaliza alitulia, akapapasa mwisho wa karatasi zote mbili.

“Athanase. Namba moja inabakia. Tatu. Haina muntu.”

Nilikuwa nimekwisha kuvaa kofia. Nikamwambia ni nafasi ya ziada.

“Ziada, ku reli?” Alicheka kidogo. “Basi Mungu abariki reli.”

Nikaenda kuchapa stensili.

Asubuhi iliyofuata treni ilikuwa imefika kweli, mabehewa kumi na mawili ya mizigo, milango wazi. Mamu Alo aliketi juu ya sanduku lake karibu na mnara wa maji, na wazee wakapita mbele yake. Alimwambia kila mmoja namba yake mara mbili, akamwomba airudie. Mama alipata sita, nami sikutazama nakala yangu. Nilimshika mkono nikampeleka hadi behewa la sita, nikamketisha juu ya fungu lake la nguo, nikamwambia asiondoke hapo hata mvua ikinyesha. Kisha nikarudi kwenye kazi. Saa nne walianza kupakia kutoka mbele: behewa la kwanza, halafu la pili.

Wakati huo ndipo alipokuja mzee Eugène. Alikuwa mchimbaji wa mgodi wa Kakanda, na mashine ya kutoboa miamba ilimwachia masikio mazito. Sikioni alivaa kifaa cha kusikilizia alichopewa zamani na hospitali ya mgodi. Betri zake zilikwisha tangu mwaka 1990, lakini hakukivua. Alisema watu wakikiona wanaongea polepole. Macho yake yalikuwa mazima kiasi, akisaidiwa na lupe, kioo cha kukuzia maandishi, iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

“Weye dactylo, mupiga taipu,” aliniambia kwa sauti ya mtu asiyejisikia, hata watu wakageuka. “Nilipanda juu ya pipa ya mafuta, nilisoma karatasi yako na lupe. Lupe inasema tisa. Kidole ya Mamu Alo inasema ine. Moja kati yabo inalewa.”

Nilitoa nakala yangu mfukoni. Eugène, tisa. Lupe haikulewa.

Mamu Alo alikuwa ameinua uso. Akashusha mikono yote miwili juu ya karatasi, akapita haraka, akasema, “Minye niko na ine.”

Nikatazama mstari wa juu yake. Kabasele, amefutwa. Upande wa kulia, mbali ng'ambo ya nafasi ile nyeupe niliyoipenda, namba yake haikufutwa. Nne.

Jina lake nililiruka, namba yake niliisoma. Basi tangu hapo hadi mwisho, kila mzee alikuwa amepewa namba ya aliyemtangulia. Wazee ishirini na saba walikuwa wametawanyika kando ya treni, kila mmoja akingoja kwa utii mbele ya mlango usio wake. Nikashuka kwa kidole hadi mstari wa Mama. Sita ilikuwa ya mtu wa juu yake. Yake ilikuwa kumi na moja.

Nilimweleza Mamu Alo kwa maneno ambayo sikuyapanga. Hakuuliza ni kosa la nani. Alisema tu, “Kwa hiyo kuanza pa Eugène, mukono ya kuume inashuka mustari moja.” Akaishusha. Nikaona kidole kimetua mahali pake, mstari mmoja chini, jambo dogo sana kwa macho.

Nami nikakimbia. Ninakiri kwamba sikukimbilia wazee ishirini na saba. Nilikimbilia behewa la sita.

Pale nilipomwacha Mama hapakuwa tena na nafasi hata ya kuona ardhi. Watu wasio na namba walikuwa wamesogea, magodoro na sufuria juu ya vichwa. Niliita, “Mamu!” Wanawake kama thelathini waligeuka. Niliita tena wakageuka wengine. Nikaona ni ujinga, nikatumia jina la orodha, “Ntumba Angèle”, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na sasa hakugeuka hata mmoja. Nilijaribu na wengine waliokuwa karibu katika orodha: Tshiela Madeleine, Mbombo Colette. Hakuna. Bibi mmoja alisimama hatua mbili kutoka kwangu akinitazama kwa huruma kama mtu aliyepotelewa, na baadaye nilijua kwamba Tshiela Madeleine alikuwa yeye mwenyewe. Jina lile lilikaa katika karte ya marehemu mume wake miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumwita nalo.

Mbele, waliita majina ya behewa la tatu.

Ndipo niliposikia sauti ya Mamu Alo. Hakuwa akipiga kelele. Aliisukuma sauti mbele, wazi, bila haraka, kama alivyosukuma majina katika waya kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa anakuja kando ya treni, ameshika kiwiko cha mzee Eugène, ambaye alikuwa akipasua umati kwa bega na kusema pardon kwa kila mtu bila kusikia walichomjibu. Kurasa zake alikuwa amezifunga juu ya kipande cha ubao kifuani, na mikono yake ilikuwa juu ya nukta.

“Mwa Mbuyi,” aliita. “Mwa Mbuyi wa mapacha, wago ya munane. Si saba. Munane.”

Sauti ikajibu kutoka chini ya mwavuli. Mtu akainuka.

“Tatu Soudeur,” yaani Baba Mchomea. “Wago ya kumi. Anayemwona amusukume.”

Watu wakacheka, na mzee mmoja aliyekuwa mchomea vyuma akasukumwa kweli, mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watoto, kuelekea la kumi.

Kazi yangu sasa ilikuwa kuwapeleka. Yeye aliita, mtu akaitika, nami nikamshika na kumvuta hadi mlango wake. Niliwachukua wawili wawili. Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa ya mbali mbali, nikaogopa kwa ajili ya kurasa zake, kisha nikakumbuka kwamba nukta hazichujuki wino. Upakiaji ulikuwa umefika behewa la tano. Kwa bahati, wengi waliokuwa chini ya mstari wa Kabasele walipangiwa mabehewa ya nyuma. Nilijiambia hivyo kila niliporudi: kwa bahati, kwa bahati. Kila mara nilitazama kama zamu ya Mama imefika, na kila mara kulikuwa na jina lingine kabla yake. Nilitaka kumwambia Mamu Alo aruke mistari. Nilifungua hata mdomo. Lakini vidole vyake vilikuwa vinashuka pamoja kwa mpango, cha kushoto na cha kulia, nikaelewa kwamba akiruka atapotea, na wote watapotea naye.

“Mwa Kalala,” aliita hatimaye. “Mwa Kalala, wago ya kumi na moja.”

“Niko hapa,” alisema mama yangu, karibu sana nami, nyuma ya godoro la watu.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko fungu lake la nguo.

“Kumbe ni weye,” aliniambia sikioni, kifua kikipiga filimbi. “Nilisikia muntu analia Mamu, Mamu. Nikasema, uyu mutoto ya nani anapotea?”

Kwenye behewa la kumi na moja kijana wa kuhakiki alikuwa tayari ameanza, bila kungoja mabehewa ya mbele. Niliona penseli yake. Nilimsikia akisema “Ntumba Angèle” mara ya kwanza tukiwa bado nyuma ya familia yenye mbuzi. Mara ya pili nilimwambia Mama aitike, naye akaniuliza aitike kwa nani. Nikaitika mimi. Kijana akatafuta kwa macho mwanamke, akaona mwanamume, akainua penseli. Nikampandisha Mama juu ya mabega yangu kama mtoto siku ya gwaride, ili kijana auone uso wake.

“Uyu ni Ntumba?” aliuliza kijana.

“Ni minye,” alisema Mama, akiwa ameangalia upande mwingine kabisa.

Kijana akaweka alama. Mikono ikamvuta ndani. Nilimtupia fungu lake, na mtu asiyemjua akamkalisha juu yake, karibu na mlango penye hewa.

Nilirudi kuwachukua waliobaki. Wanne, watatu, kisha hapakuwa na mtu wa kuvuta. Eugène nilimwona akipanda la tisa, lupe imeshikwa kwa meno. Filimbi ilipigwa saa saba na nusu. Treni ilijivuta kwa kishindo kutoka behewa moja hadi jingine, ikaenda, na watu waliobaki walisimama kama walivyokuwa, kila mtu akiangalia mahali palipokuwa na treni.

Nilihesabu alama katika nakala yangu nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa jukwaa. Nilifanya hivyo kwa sababu siwezi kuacha karatasi bila kuihakiki. Ishirini na saba chini ya mstari wa Kabasele. Waliopanda, ishirini na sita. Nikahesabu tena kutoka chini. Mstari wa arobaini na sita, wa mwisho kabisa, aliyeongezwa baada ya wengine wote kwa kuwa alikuwa mtumishi wa kamati kama mimi: Émérence. Na ng'ambo, peke yake mwishoni mwa safu: tatu.

Alikuwa juu ya sanduku lake karibu na mnara wa maji. Eugène alimrudisha pale kabla ya kupanda, akidhani labda wa behewa lake watakuja kumchukua. Alikuwa anapangusa kibao kwa pindo la kitambaa chake.

“Mamu Alo,” nikasema. “Ile namba tatu.”

“Ndiyo. Ilikuwa yangu.”

Sikujua niketi au nisimame. Nikamwuliza kama alijua, wakati ule alipoanza kuita, walipokuwa bado hawajafunga la tatu.

Alipangusa vidirisha vya mwisho. “Weye unaangalia karatasi, unaona juu na chini mara moja. Minye, kidole inafika mwisho wakati inafika.” Akaweka msumari ndani ya ala yake. “Lakini weye ulikuwa na macho. Na karatasi iko mu mufuko.”

Hakulisema kwa hasira. Lilikuwa kweli tu. Nilipoona namba ya Mama niliacha kusoma. Kama alikumbuka ile tatu, yeye aliyekumbuka namba za simu za mji mzima, au kama alikuwa anashuka mstari kwa mstari bila kuruka kwa sababu ndivyo anavyojua kusoma, siwezi kusema. Nilimwuliza mara moja ile tu.

Niliomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakohoa, kikohozi kifupi kikavu ambacho sikuwa nimekisikia kwake kabla.

“Unatafuta stensili ingine,” alisema. “Namba mbele, pembeni ya muntu wake, bisikae mbali. Kiisha jina bale banamwita. Jina ya karte nyuma. Muntu moja, mustari moja. Na bafu, bale banakufa, unaniambia na bo. Nitabaruka minye mwenyewe, na vidole yangu.”

Stensili nne nilizipata baada ya siku tatu kwa sista mmoja. Nilipiga herufi zote kubwa, nikaruka mstari kati ya kila watu wawili, ikawa orodha mbaya, pana, isiyo na safu, ya kurasa nne badala ya moja. Katibu wa kamati alisema inaonekana kama kazi ya mtoto. Nikamwomba aisome akiwa amesimama ng'ambo ya barabara, bila miwani. Akaisoma hadi chini.

Kisha nikaenda kwa Mamu Alo chini ya turubai. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani. Alikuwa tayari ameweka ukurasa wa kalenda katika kibao. Aliniambia nifunge macho nikisoma, nijisikie mwenyewe kama ninaeleweka. Nilikuwa nimekwishaukariri mwanzo wa orodha mpya.

“Mstari wa kwanza,” nikasema. “Nafasi ya namba, bado tupu. Mamu Alo.”

Nilisikia msumari ukiruka vidirisha viwili, halafu ukaanza kutoboa.